Uwatu nilikunywa, chupa ya uchungu nikaikataa

Mimba yangu ya pili ilipofika wiki ya 39, jirani yetu hapa Tanga aliniletea chupa ya maji ya mizizi, rangi ya chai kavu. Dawa ya kuharakisha uchungu. "Ukianza kuumwa kunywa nusu, mwanangu, utazaa kabla gari halijafika." Nilimshukuru, maana alikuja kwa upendo, lakini chupa sikuigusa. Wapo walioniona najidai msomi.

Sikuikataa kwa kuwa haifanyi kazi. Nilihofia kwamba inafanya. Miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, aliwakuta akina mama wa Kongo wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili wajifungue upesi, na ulipochunguzwa ukakutwa kweli una kitu kinachobana mji wa mimba. Hospitali nako wana dawa ya kuongeza uchungu, lakini inaingia kwa dripu, tone kwa tone, huku wanasikiliza mapigo ya mtoto; ikizidi wanaifunga. Ya chupa ikishashuka tumboni, nani ataifunga? Na mimi mtoto wa kwanza nilizaa kwa operesheni. Mkunga wa kliniki alishanionya: mji wa mimba wenye kovu ukibanwa mno unaweza kuchanika.

Nilijifungua hospitali, salama, kwa njia ya kawaida.

Taabu ikaja kwenye maziwa. Yale ya njano ya mwanzo nilimpa mtoto yote, ingawa niliambiwa niyakamue nimwage eti machafu. (Msiyamwage jamani, ndiyo kinga yake ya kwanza.) Siku ya nne bado nikaona ni haba, nikaagiza sokoni Ngamiani uwatu wa elfu mbili, zile mbegu chungu zinazosifiwa kuongeza maziwa. Nikautwanga mkavu, nikakoroga vijiko vitatu kwenye uji. Uchungu wake ulikuwa kama subili! Nikajilazimisha kikombe kizima, tumbo likanisokota hadi alasiri, sufuria yote ikamwagwa.

Jioni nikampigia mama mkubwa, yuko Pangani. "Hukuuroweka? Uwatu haupikwi mkavu, mwanangu." Usiku huo nikaroweka vijiko viwili. Asubuhi punje zimevimba, maji ya njano yanavutika kama ute wa bamia. Unayamwaga hayo, unasuuza mara mbili, unachemsha na konzi ya mchele mpaka punje ipondeke kwa vidole. Kisha tui jepesi, pilipili manga, hiliki, sukari, na tui zito mwishoni, moto mdogo, usiache kukoroga. Uchungu unabaki kwa mbali tu, unanoga. Nilikunywa bakuli asubuhi na jioni. Siku ya tatu jasho langu lilinukia uwatu, hata kanga na shuka. Msishtuke, ndivyo ulivyo. Mwenye kisukari aulize kwanza kliniki, maana unashusha sukari.

Maziwa yalijaa. Ila nisiwadanganye, usiku nilimnyonyesha kila alipotaka, hata mara sita, na nesi alisisitiza kwamba ziwa linalonyonywa ndilo linalotengeneza. Nilifanya yote mawili. Kukandwa nako nilikandwa, kwa maji ambayo mkono wangu mwenyewe uliyapima kwanza, kwani namjua mzazi aliyeungua tumbo. Dawa ya mchango ya mtoto niliikataa kabisa: miezi sita ziwa tu, hata maji hakuonja. Alizaliwa na kilo 3.1, wiki ya sita kadi ikaandikwa 4.9.

Mwezi uliopita jirani yule yule alikuja kuniomba uwatu wa binti yake, mimba ya miezi saba. Nilimfungia kwenye karatasi, nikamwambia, "Mama, huu mpe akishajifungua. Sasa hivi unaweza kumwamshia uchungu kabla ya wakati." Akauweka kabatini.