Klachi yangu na fundi aliyekataa kuifungua

Kelele ilianza nikitoka Sikonge na madumu ya asali nyuma. Kila nikikanyaga klachi, chini ya miguu kunalia kama jiwe linasagwa, nikiachia, kimya. Gari lina miezi 14 tu, nililinunua jipya, na mkopo wake bado naulipa. Niliogopa kweli.

Fundi wangu wa Isevya, hapa Tabora mjini, alilisikiliza likiwa frii, injini inaunguruma. "Mama, ingekuwa inalia ukiachia pedali na inanyamaza ukikanyaga, ningeshuku beringi ya giaboksi. Hii inalia ukikanyaga. Ni beringi ya klachi, ile inayosukuma presha pleti, bamba linaloibana pleti ya klachi." Kisha akakataa kufungua, ingawa siku hiyo hakuwa na kazi nyingine. Akigusa yeye, waranti, yaani dhamana ya waliouza gari, inaweza kukataliwa. Uaminifu ule sitausahau.

Nikaenda Mwanza kwa waliouza. Kijana wa mapokezi akasema haraka kwamba klachi ni kitu cha kuisha, haimo kwenye waranti. Lakini kile kijitabu cha waranti nilikuwa nimekisoma chote: inayoisha kwa msuguano ni pleti ya klachi, beringi ikifa mapema ni kasoro. Nikaomba washushe giaboksi mbele yangu. Beringi ilikuwa imekauka grisi, inakwaruza ukiizungusha kwa kidole, na pleti bado nene. Wakapiga picha, wakaandika, na siku mbili baadaye wakaibadilisha bila kunitoza.

Jana nimerudi kupitia Nzega, madirisha wazi, nasikiliza tu. Pedali laini, kimya. Fundi nimempelekea dumu la asali.