Ngano inayopandwa ndio iugue

Jumamosi nilikua kwa matatu ya Nakuru–Njoro, mzee mmoja wa kiti cha mbele akaanza kulalamika ati hawa watu wa utafiti pale stesheni ya ngano ya Njoro wanakula tu pesa ya serikali, wanapanda ngano vipande vidogo vidogo kama shamba la sukuma, inashikwa na ugonjwa wa kutu na wao wanasimama hapo wanaiangalia. Nikacheka, juu mzee amesema ukweli mtupu. Wanaipanda iugue, hiyo ndio kazi yenyewe.

Kama hujawahi kuona kutu ya shina, ukishika bua vidole vinatoka na unga wa rangi ya mabati ya zamani, ukijipangusa suruali imeharibika. Mjomba wangu alikua amekodi shamba huko Mau Narok, ngano iko kijani unaipenda, wiki chache baadaye imegeuka kahawia na kombain ikapita ikatoa punje zimesinyaa hata kuku wanazidharau. Shamba la kukodi, mbolea ya deni. Aki hiyo siku hakuna mtu aliongea pale nyumbani.

Sasa hiyo stesheni ilianza 1927, na tusidanganyane, haikuwekwa kwa ajili ya babu zetu, ilikua ya walowezi kina Delamere ambao kutu ilikua imewasumbua tangu wafike. Baada ya uhuru utafiti mwingi tulikua tunaufanya pamoja na Uganda na Tanzania, halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mwaka huo huo bunge letu likapitisha sheria ya sayansi na teknolojia, 1979 ikarekebishwa ndio tukapata KARI ya utafiti wa kilimo na KEMRI ya utafiti wa matibabu. Kwa hivyo taasisi nyingi tunazojivunia ni watoto wa talaka.

Halafu 1998 kutu mpya ikaonekana Uganda, wakaiita Ug99, ikavunja kinga ambayo ngano ya nchi nyingi ilikua inaitegemea, na ikavuka huku kwetu. 2005 Norman Borlaug mwenyewe, yule mtaalamu wa ngano aliyepata Nobel, akaja Kenya kupiga kelele kuhusu hiyo kutu. Tangu hapo nchi kibao zinatuma mbegu zao Njoro, misimu miwili kwa mwaka, zinapandwa katikati ya ngano dhaifu iliyoambukizwa makusudi halafu watu wanapita laini kwa laini wakiandika ni gani imesimama. Lakini pesa kubwa ya hiyo kazi ilitoka nje, Gates Foundation kupitia chuo cha Cornell cha Marekani. Sisi tulitoa shamba, watu na ugonjwa. Na sheria mpya ya 2013 imeandika wazi kwamba hazina itoe asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti kila mwaka, hazina haijawahi kufika hapo hata siku moja, na hakuna mbunge utasikia akipigia hiyo kelele kwa matanga.

Kwa hiyo kazi ya Njoro ndio tukapata mbegu ya ngano inaitwa Robin, mjomba akapanda, akavuna vizuri, akalipa deni. Miaka michache tu, kutu ya aina nyingine ikaishika Robin pia. Stesheni wakarudi kwa vipande vyao.

Nikamweleza mzee haya yote mpaka tukafika. Akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Sasa kijana, mwaka huu nipande gani?" Nikamwambia mimi sijui, twende tuwaulize. Akachukua kofia yake, tukashuka.