Nadhiri ya Shangazi

Jumatatu ya tarehe 6 Julai 2009, mara tu baada ya swala ya alfajiri, Shangazi alifunga mlango wa chumba chake pale Ngamiani, mjini Tanga, akanitazama miguuni, akasema, "Hizo raba zitakula miguu yako, mwanangu." Nikamjibu nimezizoea. Yeye alivaa kandambili na kanga zake mbili, na begani alikuwa na kikapu cha ukili chenye mkate wa kumimina, tende, chupa ya maji na msahafu uliofungwa kwenye kitambaa. Tulikuwa tunakwenda Ushongo, kijiji alichozaliwa, ng'ambo ya mto Pangani. Tulikuwa tunakwenda kwa miguu.

Sababu ilikuwa nadhiri. Mwezi wa tano mwaka ule, jahazi alilopanda mwanawe wa pekee lilivunjika foromali, ule mti unaoshika tanga, katikati ya mkondo wa Pemba, na upepo wa kusi pamoja na mkondo vikalipeleka kaskazini bila mtu kujua liko wapi. Siku ya nne, nyumba imejaa wanawake wanasoma, Shangazi alitamka kwa sauti: mwanangu akirudi hai, nitakwenda kwa miguu yangu mpaka kwenye kaburi la baba, nikamsomee Yasini. Siku ya sita wavuvi wa upande wa Shimoni, Kenya, waliwaokota wote wakiwa hai, midomo imepasuka kwa chumvi.

Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, hakulipenda jambo lile. Alimkumbusha hadithi ya yule mzee aliyeweka nadhiri ya kutembea hadi Makka, Mtume akamwona anakokotwa na wanawe wawili, akaamuru apande mnyama. "Mwenyezi Mungu hana haja ya wewe kujitesa, dada." Shangazi alikuwa anapeta mchele. Hakuinua uso. "Yule alikuwa anakokotwa. Mimi ananikokota nani?" Maneno yakaishia hapo. Mimi nilikuwa na miaka 21, nipo nyumbani nasubiri chuo, basi nikapewa kazi ya kumsindikiza.

Tanga mpaka Pangani ni kilomita karibu 50, na Ushongo ni kama 15 nyingine kusini ya mto. Barabara wakati ule ilikuwa ya vumbi, inapita ndani kwenye mkonge na minazi. Shangazi hakuitaka. Alitaka njia ya pwani, ile waliyoifuata wazee wa Ushongo walipokuja mjini: mara mchangani, mara nyuma ya mikoko, mara katikati ya mashamba ya watu. Njia hiyo haina kibao. Anayekupangia mwendo ni bahari.

Ilikuwa Rajabu, mwezi unakaribia kuwa mpevu, kwa hiyo tuliingia kwenye bamvua. Wakati wa bamvua maji ya kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Yakipwa huacha mchanga mgumu, mpana kama uwanja, na mguu hauzami. Yakijaa hufika kwenye mizizi ya mivinje ukakosa pa kupita. Mimi nimezaliwa Tanga, nimeogelea Raskazone tangu utotoni, lakini hesabu ya maji sikuwa nayo. Shangazi alikuwa nayo kichwani. Mwezi ukiwa kumi na nne, maji hupwa saa nne asubuhi na ushee, na jioni saa kumi na ushee yamejaa. Kesho yake unasogeza dakika arobaini, hamsini. "Saa mbili mpaka saa saba ni yetu," aliniambia. "Baada ya hapo ni yake."

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Tulipofika Mwambani maji yalikuwa yameshuka mbali, wanawake wameinama kwenye miamba wanachokoa pweza kwa vijiti, wengine watoto migongoni. Walimwamkia Shangazi kama wanamjua. "Mwaenda wapi?" "Ushongo." "Kwa miguu?" "Kwa miguu." Mmoja alimpa pweza mdogo, akasema atie sadaka yake kwenye safari ile. Kusi ilikuwa inatupiga usoni, kwa kuwa tulikuwa tunaelekea kunakotoka upepo, lakini jua la Julai halikuwa kali. Shangazi alitangulia, kandambili mkononi, nami nikawa natazama visigino vyake vikiinuka na kushuka. Hakuzungumza. Karibu saa tano nzima hakusema neno zaidi ya kuitikia salamu, nami nikadhani anasoma nyiradi.

Tulilala Tongoni, kwa mama mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa akisuka madema, mitego ya samaki, pamoja na Babu. Alitupikia bada na mchuzi wa chukuchuku, na yule pweza akatiwa nazi. Nilikula kama mtu aliyetoka kulima. Kitu kimoja nilikificha: malengelenge mawili yaliyoota visiginoni tangu Mwambani. Sikutaka Shangazi apate nafasi ya kuniambia kwamba aliniambia. Usiku yakapasuka. Asubuhi aliponiamsha nilimwomba anipe saa moja zaidi, kisha nyingine. Akaniacha.

Nilipotoka nje hatimaye, nilimkuta kwenye magofu. Pale Tongoni pana msikiti wa kale uliobaki kuta, na makaburi zaidi ya 40, mengi yana nguzo zilizowahi kupambwa kwa bakuli za Kichina. Wenye kujua wanasema ni ya karne ya 14 na ya 15. Bakuli zenyewe hazipo tena, zimebaki alama zake za mviringo kwenye chokaa. Shangazi alikuwa amekaa chini ya mti, kimya, hatazami chochote. Mwenyeji wetu alinipaka mafuta ya nazi, akachana ukanda wa kanga kuukuu akanifunga. Tukaondoka saa sita, wakati maji yalikwisha anza kurudi. Kosa lile ni langu, na mpaka leo nikilikumbuka najisikia vibaya.

Kabla hujafika Kigombe kuna mkono wa bahari unaoingia ndani kwenye mikoko. Tungeufikia saa nne, tungeuvuka maji yakiwa kwenye vifundo. Tuliufikia saa nane na nusu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yanaingia kwa kasi, yanabeba majani na povu. Ng'ambo haikuwa mbali, pengine hatua sitini.

"Shangazi, mimi najua kuogelea. Nitavusha kikapu kwanza."

"Najua unajua. Keti."

"Tuzunguke basi mpaka barabarani."

"Kwa miguu hiyo? Giza litatukuta kwenye mkonge." Alitandika kanga kwenye kituta cha mchanga kilichoinuka, chini ya mchu mkubwa, akauvuta mguu wangu wa kulia mapajani mwake na kuanza kufungua ule ukanda. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Tulikaa pale saa sita. Tuliswali Alasiri, kisha Magharibi, kwa udhu wa maji ya bahari. Mbu wa mikokoni walituandama, Shangazi akawa anawapunga kwa ncha ya kanga huku na huku, mimi kwanza, kisha yeye. Ilikuwa Sabasaba, na kwa mbali upande wa Kigombe tulisikia muziki wa spika ukija na kupotea kwa upepo. Ndipo alipoanza kuzungumza, na alianza kwa kunyoosha kidole.

"Tulikaa pale. Ng'ambo, karibu na ule mkoko ulioinama. Si ule wenyewe, ule wa zamani umekufa."

Ilikuwa mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru. Yeye alikuwa na miaka kumi. Mama yao alikuwa amefariki, na Babu akaamua kuwapeleka watoto kwa mama yake Ngamiani, Shangazi apate kusoma. Nauli hakuwa nayo. Baba yangu alikuwa na miaka miwili, na Babu alimfunga mgongoni kwa kanga ya marehemu mkewe. Walipopita Kigombe watu walicheka, mwanamume mzima kabeba mtoto kwa kanga kama mwanamke. Babu hakujibu. Aliwapa salamu akapita. Walipofika kwenye mkono huu wa bahari maji yamejaa, wakakaa wakisubiri, na Babu akamfundisha Shangazi hesabu ile ya mwezi na maji, kwa vijiti kwenye mchanga.

"Nikaishika vizuri," alisema. "Nilidhani ananifundisha kwa sababu tutarudi wote."

Babu alilala Ngamiani usiku mmoja. Shangazi alipoamka, mzee ameshaondoka kuwahi kupwa. Baada ya hapo alikuwa akija mara moja kwa mwaka, mara mbili, na samaki mkavu kwenye kikapu. Alifariki mwanzoni mwa 1998, katika zile mvua za El Niño. Barabara ilikuwa imekatika na habari zilichukua siku mbili kufika Tanga. Alizikwa wanawe hawapo. Shangazi alikwenda baada ya arobaini, kwa gari, akasimama kaburini kidogo, akarudi kuwahi pantoni.

"Yeye alitembea kunileta. Mimi nikaenda kumwona na kurudi kabla ya jua kuzama." Alinyamaza kwa muda mrefu. "Mwanangu alipopotea, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa lile la kaburi. Sikulitafuta. Lilikuwepo."

Sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nimeishi nyumba moja na mwanamke huyu miaka yote 21, nimekula mkononi mwake, na nilikuwa sijapata kumuuliza alifikaje Tanga.

Mwezi ulitoka mkubwa, wa rangi ya embe bivu, nyuma yetu upande wa bahari. Saa mbili na nusu usiku Shangazi alisimama, akaingia kupima. Maji yalimfika magotini. Tukavuka, yeye mbele na kikapu kichwani, mimi nimeshika pindo la kanga yake, matope ya mikoko yakininyonya nyayo na chumvi ikichoma vidonda mpaka machozi yakanitoka. Ng'ambo alisimama kidogo kando ya ule mkoko ulioinama. Kisha tukaendelea. Tuliingia Kigombe muziki umekwisha, mbwa wanabweka, na mke wa imamu akatufungulia mlango bila kuuliza tumetoka wapi usiku ule.

Siku ya tatu sina mengi ya kusema juu yake. Ilikuwa ndefu na iliniuma. Shangazi alinipa kandambili zake, akatembea peku kutwa nzima, hata penye miamba yenye ncha, na kila nilipotaka kumrudishia alikuwa anaongeza mwendo. Jioni tukaingia Pangani, mji wa milango ya nakshi na kuta za chokaa zinazobanduka, ambako Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim mwezi Desemba 1889. Nilitamani kuuzunguka. Nililala kabla chai haijapoa.

Asubuhi ya Alhamisi tulivuka kwa pantoni hadi Bweni. Wakati huo daraja halikuwepo. Upande ule wa kusini ndiko Kikogwe, shamba ambako mwaka 1893 ulipandwa mkonge wa kwanza wa nchi hii: Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Mkonge wote niliokua nikiuona, wote uliowalisha watu wa Tanga na uliowavunja migongo, chanzo chake ni ile miche 62. Nilimweleza Shangazi. Alitazama upande wa mashamba, akasema Babu alikata mkonge msimu mmoja, akaukimbia, akasema afadhali bahari, ikikuua inakuua mara moja.

Tulifika Ushongo saa kumi, maji yanajaa. Shangazi aliniita pwani kabla hatujapiga hodi kwa mtu. "Pale," alisema, "ndipo Maziwe." Sikuona kitu, ila mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika katikati ya bahari. Alipokuwa mtoto kisiwa kile kilikuwa na miti, Babu na wenzake wakienda dago huko, kambi ya wavuvi, wanaanika samaki kivulini, na kasa wanapanda kutaga. Miti ikaisha mmoja mmoja, ardhi ikaliwa, na leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Wanakijiji huyahamisha mayai ya kasa na kuyaleta kwenye ufuko wa Ushongo yasifunikwe na maji. Alisimama pale akitazama mpaka kanga ikalowa pindo.

Kaburi la Babu liko chini ya minazi, limezungushiwa mawe ya matumbawe. Shangazi alilipalilia kwa mikono, jani kwa jani, akakataa nimsaidie. Kisha akakaa, akafungua kile kitambaa, na kabla ya kusoma akatoa salamu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeingia sebuleni.

"Asalaam alaikum, Baba. Nimekuja kwa njia yako. Na huyu ni mtoto wa yule uliyembeba."

Akasoma Yasini hadi mwisho. Usiku ule wa kuamkia Ijumaa wazee wa kijiji walikuja, ikasomwa dua, na wali ukaliwa. Jumamosi tulirudi kwa basi.

Baba alitupokea stendi. Alichukua kikapu, akamsalimu dada yake, akatazama miguu yangu iliyofungwa vitambaa, na hakusema neno juu ya hadithi ya yule mzee. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani. Hapo akapunguza mwendo.

"Dada, siku ile nilikuwa nalia?"

"Hukulia," alisema Shangazi. "Ulilala tangu Kigombe mpaka Tongoni."