"Si Kujua Lugha Mbili Tu?"

Juzi shemeji yangu kanitupia lile lile: "Kazi yenu ya ukalimani siku hizi simu inaifanya. Si kujua lugha mbili tu?"

Zamani ningewaka. Ningemhutubia robo saa nzima, kuanzia kesi za viongozi wa Kinazi kule Nuremberg, Ujerumani, zilizoanza 1945, wakalimani wakifanya kazi papo kwa papo katika lugha 4, mpaka sababu ya sisi kupokezana kipaza sauti kila baada ya dakika 20 au 30 (ubongo unachoka, sikudanganyi). Naye angebaki na msimamo wake, pamoja na kichwa kumuuma.

Safari hii nikampa sentensi moja: "Alimpiga akaanguka." Haya shemeji, nipe kwa Kiingereza.

Akafungua mdomo, akaufunga. Kiingereza kinataka kujua aliyepiga ni mwanamume au mwanamke, Kiswahili hakijasema. "Halafu aliyeanguka ni yupi?" akauliza mwenyewe. Hapo ndipo penyewe! Mahakamani hakimu anasubiri, shahidi keshafika sentensi ya tatu, nami sina ruhusa ya kubuni. Inabidi niombe shahidi aulizwe.

Nilimkubalia pia kwamba kwa kuulizia njia ugenini simu inatosha kabisa. Hata mimi naitumia. Nadhani hilo ndilo lililomlainisha, kuliko mfano wangu.

"Lakini mnalipwa mno," akasema.

Nikacheka, nikamwacha nalo.