Kipepeo cha Gredi ya Nne

Hii ni ya mwezi wa pili mwaka 2020, mwanangu akiwa Gredi ya nne. Wao ndio walikuwa wa kwanza wa CBC, ule mtaala mpya wa umilisi hapa Kenya, manake ulipoanza rasmi Januari 2019 walikuwa Gredi ya tatu, kwa hivyo kila darasa walilopanda walikuta hakuna aliyepita kabla yao, hakuna kaka wala dada wa kuuliza, hakuna kitabu cha kuazima kwa jirani, hata walimu ulikuwa unaona wanajifunza huku wanafundisha. Sisi wazazi ndio kabisa.

Kazi yangu mimi ni kusuka nywele. Nina saluni ndogo huku Likoni, Mombasa, viti vitatu na kioo kirefu, na mikono yangu toka asubuhi mpaka isha iko kwenye vichwa vya watu, laini, rasta, twisti, abuja, yoyote utakayotaka. Nasema hivi mapema mjue, nikikaa na kitu cha kusuka mbele yangu mikono haingoji.

Ikaja homuweki kwenye diari. Mtoto asuke kitu kinachotumika nyumbani, atumie vifaa vinavyopatikana mtaani, kiletwe Ijumaa. Mwanangu akasema atasuka kipepeo cha kupepea jiko manake chetu kilikuwa kimeungua pembeni. Nikafurahi sana, wazo lilikuwa lake mwenyewe. Nikamnunulia miyaa, yale majani ya kusukia, kwa mama mmoja anayeuza mikeka karibu na feri, imeshakaushwa na kuchanwa vizuri, nyeupe na mingine imetiwa rangi ya zambarau, na yule mama akamwonyesha pale pale jinsi ya kuanza, miyaa minne unailaza imepishana, mmoja juu mmoja chini, unavuta, unaongeza mwengine. Akamwambia iloweshe kwanza mamangu, ikiwa mikavu itakukatikia.

Jumanne akaanza. Jumatano akaendelea. Alikuwa anakaa kwenye ngazi na beseni la maji kando, ulimi umetoka nje kidogo kwa pembeni kama anavyofanya akiwa anahesabu, na kipepeo kilikuwa kinapanuka lakini kinaenda upande, yaani upande mmoja miyaa imebanana na upande wa pili unapitisha kidole. Mimi nikipita nasema vuta, mamangu, vuta. Anavuta. Akivuta huku kule kunalegea.

Sasa wiki hiyo grupu ya wotsap ya wazazi ilikuwa haizimi. Mmoja kaweka picha ya kikapu cha mwanawe, kikapu kina mfuniko na vishikio viwili, yaani kikapu cha kwenda nacho sokoni. Mwengine kaweka kawa ya kufunikia chakula, imeshonwa kwa ukili wa rangi tatu, na ukijua kazi ya ukili unajua ile si kazi ya mtoto wa miaka tisa, ile ni kazi ya bibi aliyeanza kusuka kabla sisi hatujazaliwa. Watu wakaanza kuulizana. Mama mmoja akaandika, jamani, hizi kazi wanafanya watoto ama tunafanya sisi? Kukawa kimya kidogo, halafu baba mmoja akajibu kwamba serikali yenyewe inataka mzazi ashiriki, na ni kweli, kwenye mtaala ule imeandikwa kwamba mzazi ana sehemu yake katika masomo ya mwanawe. Mwengine akasema kushiriki si kumfanyia. Mwengine akasema yeye anatoka kazini saa mbili usiku, ashiriki saa ngapi. Mwengine akasema kuna saiba karibu na stendi wanauza projekti ziko tayari, unalipa unabeba. Mimi sikuandika chochote. Nilikuwa naangalia ile picha ya kawa.

Nikawa najiuliza tu peke yangu. Sisi tulisoma 8-4-4, ule mtaala wa zamani, miaka ya 90, wakati KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa ya alama 700 na sanaa na ufundi iko ndani ya mtihani, na sikumbuki hata siku moja mamangu ameshika kazi yangu ya sanaa. Nilichimba udongo mwenyewe nikafinyanga chungu kikapasuka nikapeleka hivyo hivyo kimepasuka. Si kwamba mamangu hakunipenda, ni kwamba hakuna aliyefikiri kuwa chungu kile ni chake.

Lakini Alhamisi usiku, tarehe 20, mtoto kashalala, kipepeo kiko juu ya meza, kimekaa upande, mpini haujatiwa, na kesho ndio Ijumaa. Nikakishika nione tu. Nikavuta mwaa mmoja kubana. Ukilegeza mmoja wa pili unafuata. Saa tatu unusu nikawa nimekifumua chote. Nikalowesha miyaa upya nikaanza mwanzo, na walahi mikono ilienda yenyewe, nyeupe mbili zambarau moja, nyeupe mbili zambarau moja, kimebanana hakipitishi hata sindano, nikatia mpini wa kijiti nilichokilainisha kwa kisu, nikamalizia ncha zote kwa ndani. Saa sita kasoro nikalala nimefurahi.

Asubuhi akaja mezani na yunifomu. Akakiangalia. Akaangalia chini ya meza, akaangalia kwenye beseni.

"Mama, cha kwangu kiko wapi?"

"Si hicho hapo."

Akakishika, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akakitia kwenye mfuko wa karatasi. Hakulia, hakusema kitu. Kwenye njia ya shule kwa kawaida anaongea mpaka namwambia apumue kidogo, siku ile tulitembea mimi na yeye kimya mpaka getini.

Wiki iliyofuata matokeo yakaja. Nne, yaani amezidisha matarajio, ile ya juu kabisa, na kipepeo kikatundikwa ukutani darasani. Nikamwambia hongera. Akasema asante mama, akaenda kuvua viatu.

Jumamosi tarehe 29 mwalimu wao akaja saluni. Ni mteja wangu wa kila mwisho wa mwezi, laini za kurudi nyuma, nyembamba, kichwa chake nakijua kuliko changu. Nikaanza, tukaongea habari za maji kukatika, habari za foleni ya feri, nikafika nusu ya kichwa, akaniambia huku akinitazama kwa kile kioo.

"Dadangu, kile kipepeo ulisuka wewe."

Mikono ikasimama.

"Endelea usiache. Nakijua mkono wako. Wewe ukifika mwisho hufungi fundo, unakunja ncha mara mbili unaiingiza kwa chini. Natembea nao huo mwisho kichwani mwezi mzima, nitaukosa vipi ukutani kwangu?"

Sikuwa na la kusema. Nikamuuliza, sasa mwalimu, mbona ukampa nne?

"Nimpe ngapi? Kazi yenyewe ni ya nne. Nikimpa mbili utakuja uniulize kwa nini, na nikuambie nini, kwamba nakushuku? Nina watoto 52 darasani. Vile vitu 52 vilivyokuja, vya watoto wenyewe havifiki kumi."

Akanyamaza kidogo halafu akanieleza kuhusu mtoto mmoja wa darasa lile, simtaji hata kwa mtaa wao. Alileta kamba. Kamba ya nyuzi za gunia, amesuka nyuzi tatu tatu, urefu wa mkono wangu hivi. Mwalimu anajua ni yake manake alikuwa akiisuka pale pale darasani wakati wa mapumziko, mwisho mmoja ameufunga kwenye mguu wa dawati, wenzake wanacheza nje. Mamake yuko Saudia anafanya kazi za nyumbani, anakaa na babu yake. "Nilimpa mbili," mwalimu akasema. "Anakaribia matarajio. Nikaiweka ile kamba kando ya kipepeo chako, kando ya ile kawa, sasa hebu niambie ningempa ngapi?"

Nilimalizia kile kichwa sijui vipi. Nakumbuka nilifika kwenye laini ya mwisho nyuma ya sikio nikakunja ncha mara mbili, nikaona vidole vyangu vinavyofanya, nikataka kufunga fundo nikashindwa, havijui njia nyingine. Akalipa, akaniambia atawasukisha watoto upya pale pale darasani, somo ni la dakika 35 lakini wataendelea wiki nzima, hakuna kazi ya kwenda nyumbani, kuanzia Jumatatu ya tarehe 16 mwezi wa tatu, nimpe mwanangu miyaa tu.

Nilipofika nyumbani nikamwita nikamwambia nisamehe, nilikifumua kipepeo chako. Nilijua anajua lakini nilikuwa sijatamka.

"Kwani kilikuwa kibaya?"

"Hakikuwa kibaya. Kilikuwa hakijaisha."

Akafikiri. "Mimi nilijua vile kitaisha," akasema, na akanionyesha hewani kwa mkono, kwamba ule upande uliolegea angeukunja urudi ndani uwe kama sikio, na mpini angeutia hapo kwenye sikio. Mimi niliona kosa la kufumua, yeye alikuwa ana mpango wake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, si ile nne, si hata mwalimu kunijua. Ni kwamba kulikuwa na kipepeo chenye sikio kichwani mwa mtoto wangu na mimi nikapita nacho usiku bila kumuuliza.

Tukanunua miyaa mingine. Ijumaa tarehe 13 ikatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya, Jumapili usiku rais akatangaza shule zifungwe, na ile Jumatatu ya tarehe 16 hakuna mtoto aliyeenda popote. Miyaa ikabaki kwenye kona. Saluni nayo ikafa, nani atakuja ukae kichwani mwake masaa manne wakati watu wanaogopana, kwa hivyo tukawa sote wawili nyumbani, na kama wiki ya pili ya kufungwa nikamwona ametia maji kwenye beseni.

Nikakaa naye kwenye ngazi. Nilikalia mikono yangu, kweli nilikalia, viganja chini ya mapaja, manake nilikuwa sijiamini. Alisuka kwa siku nne. Siku ya pili akakosea akafumua mwenyewe mistari mitatu, na kuna mahali alikuwa amepitisha mwaa juu mara mbili, nauona, uko pale pale mbele ya macho yangu, nikauma midomo nikauliza tu, unataka maji mengine? Akasema eeh. Nikaleta maji, hiyo ndio ilikuwa kazi yangu, kubadilisha maji, na kumshikia mwisho akiniambia shika hapa, na kuachia akiniambia achia. Siku ya nne sikio likatoka. Halikutoka kama alivyonionyesha hewani, lilikuwa dogo na limekunjamana, akaguna, akakitazama kwa mbali, akachukua lastiki ya saluni nyekundu akafunga mpini. Kwenye mpini akaandika jina lake na peni.

Gredi ya nne waliitwa kurudi shule tarehe 12 Oktoba na siku hiyo akaenda nacho kwenye begi. Jioni nikamuuliza mwalimu kasema nini. Akasema mwalimu alikipepea usoni, akasema kina upepo.

Grupu ya wazazi iliendelea na maswali yale yale miaka yote iliyofuata, na 2021 mambo ya CBC yalifika mpaka Mahakama Kuu, mzigo kwa wazazi ukiwa mojawapo ya malalamiko. Mimi siku hizi mtu akiuliza pale ni msaada kiasi gani namjibu wazi, mpe vifaa, mpe muda, badilisha maji. Wengine wananiambia ni rahisi kusema, na kweli, ukiwa na mtoto anayelia saa nne usiku na kesho ndio siku ya kupeleka, si rahisi.

Kile kipepeo kilichopata nne sijui kiliishia wapi, nadhani kilitupwa ukuta ulipopakwa rangi. Hiki chengine ninacho, kimebadilika kuwa cha kahawia kwa moshi, lastiki ilikatika ikatiwa nyengine. Jana nimeinama kwenye jiko nawasha makaa, yeye sasa msichana mkubwa ananishinda urefu, akapita nyuma yangu na simu mkononi, akasimama.

"Mama, unakipepea kinyume. Upande wenye sikio ndio unakuja mbele."

Nikakigeuza.