Papa, Nguva na Pomboo Wanaopita Kwenye Reli

Juzi jioni nimekaa barazani kwa ami yangu huku Mkomani, bando limebaki kidogo tu lakini nikasema acha liishe, nikafungua vidio ya zamani ya treni ya kokoto ya Uingereza. Mabehewa yanapita pole pole, madogo madogo yamechakaa rangi, na kila moja ubavuni limeandikwa DOGFISH, linapita jengine DOGFISH, jengine tena DOGFISH, mwisho kabisa linakuja moja lina kibanda na roshani, limeandikwa SHARK. Ami amevua bahari hii miaka zaidi ya 40, akainama akachungulia simu. "Yeo waangalia nini? Hiyo shaki si papa?" Nikamwambia ndiyo ami, ni papa. Akanitazama. "Papa yuwafanya nini kwenye treni?"

Sasa swali hilo ndilo limenifanya niandike, manake nimelibeba kifuani miaka na hapa Lamu sina mwenzangu wa kuongea naye mambo haya. Reli yenyewe hatuna. Ile ya LAPSSET, mradi mkubwa wa bandari, barabara na reli kutoka Lamu, tumeahidiwa, bandari gati la kwanza lilifunguliwa 2021 lakini treni bado haijafika, kwa hivyo mapenzi yangu ya treni nimeyalea kwa simu, na safari moja ya Nairobi nitakayoisimulia huko mbele.

Na mimi mapenzi yangu ni mabehewa. Watu wengi wanaopenda treni hupenda kichwa, wanajua namba zake, wanajua mlio wake, behewa linapita hawalioni. Mimi naona kazi yote iko kwenye behewa. Kichwa kinavuta tu, behewa ndilo linaloamua mzigo utaingiaje, utakaaje na utashukaje.

Haya, tuje kwa samaki. Zamani kampuni za reli za Uingereza zilikuwa zinawasiliana stesheni kwa stesheni kwa telegrafu, na badala ya kutuma maneno mengi kwamba tuletee behewa la wazi la kokoto la aina fulani lenye uzito fulani, wakalipatia kila aina ya behewa jina la neno moja. Great Western Railway, moja ya kampuni hizo, walipenda wanyama na ndege. Behewa la gadi, yule msimamizi wa treni anayekaa mwisho wa treni, lilikuwa Toad, yaani chura, behewa lenye tumbo lililoshuka chini la kubebea mitambo mikubwa lilikuwa Crocodile, mamba kabisa, la magogo na vyuma virefu lilikuwa Macaw ambaye ni kasuku mkubwa. Behewa la samaki wakaliita Bloater, na bloater kwao ni samaki aliyetiwa chumvi akafukizwa moshi, yaani ni kama sisi tungeliita behewa Ng'onda. Hilo nilipomwambia ami alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Baadaye British Rail, shirika la reli la taifa, walipokuwa na mabehewa yao ya ukarabati wa njia, ya kubeba kokoto, mataruma, reli na udongo, wakayapa majina ya viumbe wa baharini. Si moja mawili, ni ukoo mzima. Catfish, Dogfish, Herring, Tunny ambaye ni jodari, Salmon la kubebea reli ndefu, Grampus ambaye ni aina ya pomboo, Walrus, Whale nyangumi, Sealion, Seacow, Mermaid. Miaka ya 1970 ilipokuja TOPS, mfumo wa kompyuta walioununua Marekani, kila behewa likapewa herufi tatu za utambulisho, Dogfish ikawa ZFV na Shark ikawa ZUV, lakini jina la samaki halikufutwa, likaandikwa pale pale pamoja na herufi hizo. Hapo huwa nawapenda sana wale watu. Kompyuta haina haja na samaki, lakini binadamu aliyesimama kwenye baridi usiku na tochi mkononi ndiye mwenye haja naye.

Wacha nieleze Dogfish inavyofanya kazi kwa sababu ndiyo niipendayo kuliko zote. Ni behewa la magurudumu manne tu, linabeba kokoto tani 24, juu liko wazi na chini limebanwa kama faneli. Upande mmoja kuna jukwaa dogo la kusimama mtu, na hapo kuna usukani tatu za chuma zimepangwa, moja ya kumwaga kokoto kushoto mwa njia, moja katikati ya reli, moja kulia. Treni inakwenda mwendo wa mtu kutembea, fundi amesimama pale anazungusha usukani, kokoto inashuka shwaaa na vumbi jeupe linapanda mpaka humuoni. Catfish ni ndugu yake mdogo, tani 19, yeye anamwaga katikati peke yake. Mermaid mwendo wake ni mwengine, bodi yote inalala ubavu na kokoto inamwagika upande, nikamuonyesha ami akasema huyo ni punda wa mchanga, manake hapa kwetu mchanga ukifika gatini na mashua unatiwa kwenye shogi la punda, na akifika kwenye nyumba inayojengwa mtu anainua shogi upande mmoja mchanga unamwagika. Ni kitu kile kile kabisa.

Sasa papa. Kokoto ikishamwagwa imekaa vilima vilima juu ya mataruma, na ikibaki hivyo treni inayofuata itakuwa hatarini. Ndiyo maana mwisho wa msafara kuna Shark, behewa la gadi la tani 20, lina plau ya chuma chini ya roshani kila upande. Wanaume wanaishusha plau kwa kuzungusha gurudumu, treni inasogea, plau inasukuma kokoto inaitandaza sawa, reli inabaki safi. Dogfish anatema, Shark anakuja nyuma anasafisha. Ami alinyamaza kidogo akasema, "Basi aliyempa jina hilo aliwahi kumuona papa." Mimi sijui kama aliwahi, lakini nilifurahi jinsi alivyosema.

Kwenye Seacow tulikaa muda mrefu. Seacow na Sealion ni mabehewa makubwa ya kokoto yenye magurudumu manane, yanachukua kama tani 40, na tofauti yao kubwa ni breki, Sealion ilitengenezwa iweze kufanya kazi na treni za breki za vakyumu za zamani na za hewa pia, Seacow ni ya hewa tu. Lakini mimi nilitaka kumueleza ami jina. Nikamwambia seacow ni nguva. Na mermaid, yule mwanamke nusu samaki wa hadithi za mabaharia, wengi husema asili yake ni nguva vile vile. Kwa hivyo Waingereza wana nguva wawili kwenye reli. Ami hakucheka safari hii. Akasema yeye nguva amewaona kwa macho yake kule upande wa Kiunga alipokuwa kijana, wanakula majani chini ya maji, na sasa hata ukikaa mwaka baharini humuoni. Akaniomba nirudishe vidio nyuma amuone Seacow anapita tena. Nikarudisha mara tatu, bando likaisha.

Jengine linalonishangaza ni kwa nini Uingereza wana mabehewa ya maumbo ya ajabu kuliko nchi nyingi. Sababu ni kwamba wao ndio walianza, madaraja na mahandaki yao mengi yalijengwa karne ya 19 wakati treni zilikuwa ndogo, na leo kontena lenye kimo cha futi 9 na nusu ukiliweka juu ya behewa la kawaida kwenye njia nyingi litagonga daraja. Basi wakatengeneza mabehewa yenye sakafu ya chini, mengine yana magurudumu madogo, mengine kontena linazama katikati ya magurudumu. Mtu wa Lamu haya hayahitaji maelezo marefu. Vichochoro vyetu vimejengwa kwa upana wa punda, huwezi kubomoa ukuta wa jirani wa miaka mia mbili kwa sababu umenunua kabati kubwa, unapunguza kabati.

Na vichwa je? Sivichukii jamani. Treni za kokoto zilivutwa sana na Class 37, injini za dizeli zilizotengenezwa na English Electric kuanzia 1960 mpaka 1965, zilikuwa 309, nguvu ya farasi 1,750, na wapenzi wao huziita matrekta kwa sababu ya mngurumo wake. Kampuni hiyo hiyo iliuza injini za dizeli kwa reli ya Afrika Mashariki, kwa hivyo mngurumo ule babu zetu wa Mombasa waliusikia. Siku hizi kazi nyingi inafanywa na Class 66 zilizojengwa Canada, zilianza kufika 1998, nzuri, hazisumbui, lakini zimejaa kila mahali.

Class 59 ndiyo inayonigusa. Hiyo ililetwa 1986 na Foster Yeoman, wenye machimbo ya mawe huko Somerset, wakanunua injini zao wenyewe kutoka Marekani kwa sababu walitaka injini isiyoharibika njiani. Mwaka 1991 mbili zao zilivuta treni ya mawe ya karibu tani 12,000, na kilichokatika siku ile ni kiungo cha katikati ya mabehewa, injini hazikushindwa. Sasa niliposafiri Nairobi nilikwenda makumbusho ya reli, nikasimama mbele ya 5918, Mount Gelai, injini ya mvuke ya Garratt iliyojengwa Manchester miaka ya 1950, tani 252, katika kundi la injini 34 zilizopewa majina ya milima yetu. Na kundi lake linaitwa 59 vile vile! Najua ni namba tu zimekutana, lakini niliweka kiganja kwenye chuma kile, kilikuwa cha moto kwa jua, nikakaa pale mpaka mlinzi akaniambia wanafunga.

Kuna treni moja nyengine siwezi kuiacha. Mafuta ya nyuklia yaliyokwisha tumika kwenye vituo vya umeme husafirishwa kwa reli mpaka Sellafield, kituo cha nyuklia cha Uingereza, ndani ya kasha la chuma nene la karibu tani 50, behewa moja au mawili tu, na mara nyingi injini mbili, moja mbele moja nyuma. Watu waliogopa, je treni ikigongwa? Basi tarehe 17 Julai 1984, huko Old Dalby, wakaweka kasha kwenye njia, wakachukua injini namba 46009 na mabehewa matatu ya abiria yasiyo na mtu, wakaiachia bila dereva kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa. Kwenye vidio unaona moto, vumbi, injini imepondeka mbele haitambuliki. Kasha limekwaruzwa tu, halikuvuja. Hiyo huwa nawaonyesha wale wanaoniambia kichwa ndicho treni.

Mabehewa ya samaki sasa yamepungua sana, mengi yamekatwa chuma chakavu, kokoto siku hizi inamwagwa na mabehewa mapya ambayo milango yake hufunguliwa kwa rimoti. Machache yamehifadhiwa na vyama vya reli za kumbukumbu.

Ami na mimi tumeanza kutengeneza Shark ya mbao, urefu wa mkono, kutokana na kipande kilichobaki cha ubao wa mashua. Kibanda tumemaliza, roshani mbili tayari, magurudumu amechonga yeye kwa kisu. Plau bado, bati la kwanza tulilokata lilikuwa laini likajikunja kwenye mchanga. Amesema Ijumaa baada ya sala twende gereji ya mashine za boti huko Langoni tukatafute kipande cha debe la zamani, lile zito.