Kikundi cha fisi kimenimaliza leo

Jamani hii wiki gredi ya nne wamenitoa jasho. Niligawa darasa vikundi vitano, kila kikundi mnyama wake, viende vikatafute habari kisha tuende Impala Sanctuary, ile hifadhi ya wanyama hapa Kisumu, kuhakikisha. Kosa langu ni kuacha wachague wenyewe, wote walitaka simba, mpaka tukapiga kura na wale waliopata fisi wakanuna siku mbili nzima, mmoja akaniambia "tichaa, huyo ni mnyama wa wachawi."

Sasa ndio hao hao leo wamesimama na karatasi yao ya manila wakatuambia fisi si jamaa ya mbwa, yuko karibu na paka zaidi, na kwa fisi madoadoa jike ndiye mkubwa na ndiye bosi. Wasichana walipiga makofi hadi mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia!

Wa sitatunga, yule swala wa kwenye vinamasi mnaita nzohe, walichora kwato ndefu zinazotanuka ndio asizame kwa matope, na akiogopa anajitosa majini anabakisha pua tu. Watoto wa ziwa hao, hiyo wameielewa haraka kuliko mimi.

Kikundi cha simba je? Walileta picha moja na sentensi moja, eti simba analala hata masaa ishirini kwa siku. Nikawauliza na nyinyi mlilala ngapi, kimya.

Ijumaa tunaenda. Mvua isituharibie tu, na mzazi ambaye hajarudisha ile fomu tafadhali.